Kilo Zangu na Kilo za Pipa

Jumatatu, tarehe 2

Dada wa lishe pale hospitalini ameniamuru niandike kila ninachotia kinywani kuanzia leo. Nikamwambia, "Dada, daftari litajaa kabla ya saa nne asubuhi." Hakucheka. Huenda kwao kucheka kunanenepesha.

Basi naandika. Uji mwembamba, kikombe kimoja. Maziwa ya ule unga wa kopo. Mchuzi uliochujwa hadi ukabaki rangi tu. Maji. Hicho ndicho chakula cha mwanamume aliyewahi kusukuma lori la matofali kwa kitambi, mikono yote miwili ikiwa mfukoni.

Na kwa kuwa kuandika chakula peke yake ni kazi ya mgonjwa, nitaandika na mengine. Mimi ni fundi wa magurudumu na springi za malori. Mtaani wananiita Tani. Mwenzangu gerejini ni Pipa, na tumefanya kazi pamoja tangu tukiwa wembamba, kama tuliwahi kuwa. Nati ya gurudumu ikigoma, mafundi wengine huwasha moto, humwaga mafuta, huapiza. Sisi tunachomeka bomba refu kwenye spana, tunalipanda wote wawili, basi. Nati moja ilifunguka tukiwa bado tunatembea kuiendea.

Tumbo hili ndilo daktari anataka kulikata. Si kitambi, ni mfuko wa chakula wa ndani: aondoe sehemu kubwa, abakishe kipande chembamba kama ndizi. Sukari imepanda, magoti yamechoka, na usingizini pumzi hukatika mpaka mke wangu anipige kiwiko nirudi duniani. Miaka miwili nimekuwa nikikataa. Kisu sikiogopi. Naandika tena ili ieleweke: kisu sikiogopi. Ninachoogopa ni kulazwa usingizi na mtu baki, halafu pumzi ikatike na kile kiwiko hakipo.

Nimekubali kwa sababu moja tu. Mwezi uliopita Pipa alikuja akakaa juu ya tairi, akasema naye ameambiwa akatwe. "Kaka, tuingie wote. Wewe Jumatano, mimi Alhamisi, vitanda jirani. Tukifa, tumekufa kwa zamu." Nilicheka mpaka benchi likalia. Mtu akikwambia hivyo, unakataaje?

Jioni tulipanda mizani ya jirani yetu mnunua vyuma chakavu. Kawaida yetu tangu zamani ni kupanda wote wawili kwa pamoja, tumeshikana mabega kama shehena moja. Mia tatu na kumi na mbili. Jirani akasema, "Vyuma vya aina hii sinunui, vitanivunjia ghala."

Jumanne, tarehe 3

Uji. Mchuzi. Mawingu yamejaa, mvua hakuna. Nimemgombeza mteja bila sababu.

Alhamisi, tarehe 5

Pipa alikwenda kwa daktari wake leo. Amerudi saa nane na habari kedekede. Anasema walimpima damu, mkojo, moyo, hata meno.

"Meno ya nini?" nikamuuliza.

"Waone kama natafuna sana."

"Mimi hawakunipima meno."

"Wewe waliyaona tangu mlangoni, ulikuwa unacheka."

Tumekunywa mchuzi wetu tumeketi juu ya rimu, kila mtu na chupa yake. Nilimwonea fahari. Mimi sijambo, nimezoea mambo makubwa, lakini Pipa ni mtu anayefumba macho akichomwa mwiba.

Jumamosi, tarehe 7

Njaa yenyewe si tumboni, iko puani. Nasikia harufu ya vitu ambavyo havijapikwa bado. Leo niliinama kuchukua jeki karibu na Pipa, ovaroli yake ikaninukia vitunguu vya kukaanga. Nikamuuliza. Akasema mkewe anakaanga, yeye anakaa sebuleni anateseka. Nikampa pole. Mke wangu angalau hupika dirisha likiwa wazi, na yeye mwenyewe siku hizi anakula amesimama jikoni, harakaharaka, kama mwizi, ili nisimwone.

Jumapili, tarehe 8

Maziwa ya kopo mara tatu. Nimelala mchana nikaota natafuna mto. Mto umekutwa na alama za meno.

Jumatano, tarehe 11

Tumepanda mizani. Mia tatu na tano! Kilo saba zimeyeyuka kwa siku tisa. Nilimpiga Pipa mgongoni: "Tatu na nusu zako, tatu na nusu zangu!" Akacheka kidogo, akashuka upesi kama mizani ina moto.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, fundi cherehani, alikuwa amekuja kuchukua suruali zangu azipunguze. Akamtazama Pipa akienda, akasema, "Mjomba, mbona shingo yake iko vilevile?"

Nikamweleza kitaalamu. Kuna mafuta mapya na mafuta ya zamani. Yangu ni mapya, yanatoka mbele ya macho. Ya Pipa ni ya zamani, yanatokea kwa ndani, hayaonekani mpaka mwisho.

"Haya, Mjomba," akasema, akakunja suruali zangu bila kuniangalia.

Jumamosi, tarehe 14

Mvua imenyesha. Bati la gereji limepigwa mpaka tukawa tunaongea kwa mikono. Kwa saa nzima nilisahau kula.

Jumatatu, tarehe 16

Mia tatu kamili. Kumi na mbili zimekwenda, sita kwa sita. Jirani wa vyuma amesema tukiendelea hivi atatuuza kwa fundi saa.

Pipa alikuwa kimya siku nzima. Kesho nalazwa, keshokutwa nakatwa, yeye anaingia siku ya tatu. Nilijua ni woga, nikaona nimtie moyo. Nikamsimulia nilivyowahi kung'olewa jino na farasi, nikiwa nimesimama, tena jino zima. Kwa kawaida angesema, "Na farasi alipona?" Leo hakusema. Alifuta mikono kwa tambara, akafuta tena, ingawa ilikuwa safi.

"Tutaonana Alhamisi, ndugu yangu," nikamwambia.

"Uende salama, Tani," akasema, macho kwenye gurudumu.

Jumanne, tarehe 17

Wodi ya vitanda viwili. Mimi niko upande wa dirisha, kile cha pili kitupu. Nimemwambia nesi asikigawe, kina mwenyewe. Akasema, "Vitanda havina wenyewe hapa, baba, vina wagonjwa." Mkali kidogo lakini mikono yake laini.

Amenipima. Kilo mia na hamsini na sita. "Vizuri sana," akasema, "siku ile ya kwanza ulikuwa mia sitini na nane. Ini lako litakuwa limenywea, daktari atapata njia ya kupita." Nikamwambia hayo ni madogo, ningetaka ningefika na themanini.

Mke wangu amekaa na mimi mpaka walipomfukuza. Amenikanda miguu, jambo ambalo halijatokea tangu mtoto wa kwanza. Mara mbili alifungua mdomo kama anataka kusema, akaishia kunirekebishia shuka.

Alhamisi, tarehe 19

Jana sikuandika, nilikuwa nimekufa. Leo nimefufuka, nalala nusu nimeketi, naandika kwa vipande.

Walinivalisha gauni lililo wazi nyuma na soksi za kubana kama za mcheza mpira. Nesi aliniuliza jina langu mara nne. Nikamwambia, dada, tangu nizaliwe halijabadilika. Kisha kitanda kikasukumwa, taa za dari zikawa zinapita juu yangu moja baada ya nyingine, na hapo maneno yakaniishia. Mimi, maneno yaliniishia! Nikafikiri: kesho Pipa atapita chini ya taa hizihizi. Yeye na woga wake wa mwiba. Daktari wa usingizi akaniambia nihesabu kurudi nyuma, na badala ya kuhesabu nikamwombea Pipa. Nilimwambia Mungu, mimi nimeshaingia, lolote liwe, lakini huyu wa kesho mshike mkono. Sikufika kwenye amina.

Nilipoamka nilidhani lori limeegeshwa juu ya bega langu la kulia. Tumbo lenyewe lilikuwa linachoma tu. Matundu matano, madogo, nimeyahesabu kwa kidole. Lakini bega! Nesi anasema ni hewa waliyonijaza tumboni ili waone wanakopita, inatafuta njia ya kutoka. Dawa yake ni kutembea. Nikaomba nikanyagwe na lori lenyewe, ni rahisi zaidi. Akanishika kiuno, mtu mwembamba kama ufagio, akanitembeza hadi mlangoni na kurudi. Kisha akanipa kidude cha mipira mitatu ya plastiki, nivute pumzi mpaka mipira ipande. Mpira mmoja ulipanda. Mimi niliyewahi kujaza tairi la trekta kwa mdomo.

Maji nanywa kwa kikombe cha dawa, kile kidogo cha mtoto mwenye kikohozi. Funda moja, unangoja. Funda la pili, unangoja zaidi. Nilijaribu kunywa kiume, yakarudi yote, na matundu matano yakapiga kelele kwa pamoja.

Kutwa nzima macho yangu yalikuwa mlangoni. Asubuhi: Pipa anafanyiwa sasa. Mchana: wanamshona. Saa tisa mlango ukafunguliwa, wakaingiza mtu amefunikwa hadi kidevuni, wakamlaza kitanda cha pili akiwa amegeukia ukuta. Nikasema kwa sauti niliyokuwa nayo, "Karibu nyumbani, ndugu yangu. Bega litauma, usijali, ni hewa tu. Kunywa taratibu. Nilikuombea." Nikaendelea kumtia moyo vile, labda robo saa.

Yule mtu akageuka. Mzee mwembamba, sijamwona maishani. Akaniambia, "Ahsante sana, mwanangu. Mimi ni ngiri tu."

Ijumaa, tarehe 20

Sitaweza kulala bila kuiandika hii.

Asubuhi nilimuuliza nesi Pipa amelazwa wodi gani. Akasema hana mgonjwa kama huyo. Nikasema labda siku imesogezwa. Akasema wa kukatwa tumbo la chakula wiki hii ni mimi na mama mmoja. Nikasema basi moyo wake umekutwa na hitilafu, maskini, wamemrudisha nyumbani. Nikaanza kumsikitikia upya.

Nikatembea korido kwa ajili ya bega, nimeshika mti wa dripu. Nilikuwa nahesabu hatua ili nimtambie mzee wa ngiri, na hesabu ikaingia hesabu nyingine. Mia sitini na nane. Mia hamsini na sita. Shule niliiacha mapema, tulikosana na mwalimu juu ya hesabu za sehemu, lakini kutoa najua. Nikatoa. Kumi na mbili.

Nikasimama. Nikatoa tena kwa vidole. Kumi na mbili. Kumi na mbili zote ni zangu.

Mizani ya vyuma ilipoteza kumi na mbili. Sita zangu na sita za Pipa, nilisema. Lakini kama mimi peke yangu nimepoteza kumi na mbili, Pipa amepoteza nini? Nesi alinikuta nimeegemea ukuta, akadhani nazimia, akanipima presha.

Mpwa wangu alikuja saa kumi. Nikamwambia kama utani, "Nadhani Pipa hakupungua hata kidogo." Akawa anapanga vitambaa ambavyo vilikuwa vimepangwa.

"Mjomba, juzi aliniletea suruali zake."

"Uzipunguze?"

"Nizipanue."

 Mzee wa ngiri akaacha kukoroma, nadhani kwa makusudi.

"Hakuwahi kwenda kwa daktari yeyote," akasema. "Mkeo alimwomba akushawishi, yeye akaja na hiyo ya kuingia wote. Mjomba, nilidhani kufikia sasa utakuwa umeshaambiwa."

Kwa hiyo mke wangu. Kwa hiyo mpwa wangu. Na jirani wa vyuma, bila shaka, na utani wake wa fundi saa. Mtaa mzima ulikuwa unanitazama nikigawa kilo zangu kwa mbili.

Na kinachoniuma kuliko bega ni hiki: ni Pipa! Pipa asiyejua hata kudanganya umri wake! Mimi niliyewaaminisha watu kwamba nilizaliwa nikiwa na ndevu, nimekaa juu ya rimu nikaamini habari ya kupimwa meno.

Jumamosi, tarehe 21

Mke wangu amekiri kabla sijauliza. Mpwa alimtangulizia habari.

"Ndiyo, nilijua," akasema. "Sikuijua siku ya kwanza. Pipa aliponiambia wiki ya pili, ulikuwa umeshaanza mchuzi. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia."

"Ungeacha."

"Ningeacha."

"Basi." Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Baba watoto, kila siku nakupiga kiwiko. Unajua nalala saa ngapi? Silali. Nasikiliza. Ukinyamaza nahesabu, nikifika kumi napiga. Miaka yote hiyo. Nimechoka kuhesabu."

 Nimemkasirikia bado, lakini hasira yangu kwake ina mahali pa kuegemea. Kwa Pipa haina.

Maji vikombe kumi vya dawa. Mipira miwili imepanda.

Jumapili, tarehe 22

Nimeruhusiwa. Mvua kubwa. Kila shimo la barabarani limepita ndani ya matundu matano.

Jumanne, tarehe 24

Mchuzi uliochujwa, vijiko sita, nusu saa nzima. Nimeshiba. Naandika tena kwa sababu mkono wangu hauamini: nimeshiba kwa vijiko sita.

Pipa amekuja. Nilimsikia mlangoni akikung'uta maji ya mvua, nikamwambia mke wangu aseme nimelala. Pipa akajibu kutoka sebuleni, "Akilala mtaa mzima unajua. Hajalala." Akaingia. Alikuwa amevaa suruali iliyopanuliwa, ushonaji wa mpwa wangu naujua.

"Kaka."

Nikavuta shuka hadi kidevuni.

"Nilitaka kweli, siku ile kwenye tairi. Haki ya Mungu. Nilikwenda hadi geti la hospitali, nikakaa kwenye benchi la nje, nikaona mtu anatolewa ana mirija puani. Nikarudi. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake nikakuta umeshawatangazia madereva wote kwamba tunaingia wote. Ulikuwa umechangamka, Tani. Ungekwenda bila mimi?"

"Nisingekwenda."

"Sasa umekwenda. Sukari imeshuka, shemeji ameniambia. Pumzi haikatiki kama zamani. Niambie, kosa langu liko wapi?"

Ni swali zuri, na ni hilo linalonitia hasira, kwamba ni zuri. Nililitafutia jibu la kuchekesha, halikuja. Nikamwambia lile lililokuwepo.

"Nilipokuwa nalazwa usingizi nilikuwa na nafasi ya dua moja. Nilikuombea wewe. Wewe ulikuwa wapi?"

Akatazama mikono yake.

"Ulikuwa wapi, Pipa, saa tatu Jumatano?"

"Gereji."

"Ukifanya nini?"

 "Nilikuwa nakula," akasema.

Nikageukia ukuta. Nilimsikia akisimama pale, anapumua, mtu mzima wa kilo mia arobaini na nne, kisha mlango.

Ijumaa, tarehe 27

Mtindi mwepesi, vijiko vinne. Mvua haikatiki. Madereva watatu wamekuja kuniona, nikawasimulia upasuaji. Nikawaambia kisu cha kwanza kilivunjika, cha pili kikapinda, wakaenda kuazima msumeno wa gereji. Nikawaambia daktari alipotoa lile tumbo, manesi wanne walilibeba kwa machela. Walicheka mpaka mke wangu akawakataza, kwa sababu na mimi nilikuwa nacheka na nyuzi zinavuta. Nilijisikia mtu.

Wakaniuliza, "Na Pipa lini?" Nikasema muulizeni mwenyewe.

Jumatatu, tarehe 30

Asubuhi nilienda kwa daktari. Matundu yamekauka. Kilo mia na arobaini na saba, nikiwa peke yangu juu ya mizani.

Jioni nilikaa barazani, mvua imepumzika, watu wakajaa. Nilikuwa nimefika mahali daktari anapotea ndani ya tumbo langu na wanamtafuta kwa tochi, ndipo nikamwona Pipa amesimama nyuma ya wote. Sikumfukuza. Nilimaliza hadithi, watu wakacheka, wakaniaga mmoja mmoja.

Yeye akabaki. Akavua viatu vilivyojaa matope, akaketi ngazi ya chini.

"Mwanzo nimeukosa," akasema. "Nisimulie na mimi."

Alikuwa tayari ameshaweka uso wake wa kusikiliza, ule wa miaka yote, mdomo wazi kidogo, akingoja pa kuuliza kama farasi alipona.

Nikamsimulia.

"Waliniingiza saa tatu, wakanitoa saa tano. Walitoboa matundu matano, wakakata, wakafunga. Bega liliuma siku nne. Niliogopa sana. Sasa naendelea vizuri."

Akangoja. Uso wake ulikuwa bado umejiandaa.

"Basi?" akauliza.

"Basi."

Hivyo ndivyo ninavyoongea na polisi wa barabarani, na karani, na watu wa ofisini nisiowajua. Pipa amesimama nami mbele yao wote, anajua nikiongea hivyo maana yake ni nini. Uso ukamshuka taratibu. Akainama akatafuta viatu vyake gizani, akavivaa bila kufunga kamba, akasema usiku mwema, mzee.

Nikamjibu, na wewe pia.